Ndoo Moja ya Tope: Kisa cha Miche ya Mikoko Iliyokufa kwa Madoa, Mombasa

Usuli

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari, Tudor upande mmoja na Port Reitz upande wa pili. Kisa hiki kilitokea kando ya mmoja wao. Upi, sitataja, na majina ya watu, ya kikundi na ya mfadhili nimeyaacha.

Kikundi cha akina mama na vijana kilikuwa na kitalu cha miche na eneo la wazi lililokatwa miti zamani. Mbele yake, upande wa maji mengi, kulikuwa na mililana michache iliyosalia, mojawapo ya aina za mikoko; nyuma, karibu na nchi kavu, michu, aina nyingine. Katikati walipanda aina ya tatu, mkoko wenyewe, kwa safu zilizonyooka kama shamba la mahindi, wakati wa masika. Mimi nilikabidhiwa kusimamia upimaji wa tope.

Kabla mwaka haujaisha, miche mingi ilikuwa imekufa. Ila haikufa ovyo. Ilikufa kwa madoa. Palikuwa na doa la upana wa hatua tatu lisilobaki mche hata mmoja, na pembeni yake, hatua mbili tu, miche imesimama, majani mabichi yanang'aa. Ukisimama juu ya mzizi wa mlilana ukaangalia, eneo lote lilikuwa kama mkeka ulioliwa na mchwa. Umbo hilo la vifo lilikuwa na habari yote tuliyoihitaji, na sisi tuliliona siku ya kwanza tukalipita.

Uamuzi wa kwanza: kuchanganya

Mfadhili alitaka ripoti ya tope kabla ya kutoa pesa za msimu wa pili, na alitoa wiki mbili. Pesa zilizokuwepo zilitosha sampuli moja au mbili za maabara. Nikaamua tuchote tope mahali 10 tofauti, tulimimine lote kwenye ndoo moja, tulikoroge mpaka liwe rangi moja, kisha tupeleke kilo moja ya huo mchanganyiko.

Uamuzi huo haukutoka hewani. Ndivyo wakulima wanavyofundishwa kupima udongo wa shamba, na kwa shamba ni sahihi: mkulima atatia mbolea kiwango kimoja shamba zima, kwa hiyo anahitaji jibu moja la shamba zima. Swali letu lilikuwa jingine. Tulitaka kujua kwa nini hapa pamekufa na pale pamepona, kisha tukakipima kitu tulichokuwa tumekwisha kukichanganya hapa na pale.

Majibu yakarudi: chumvi ya kawaida ya mikokoni, naitrojeni ya kutosha, asidi si kali. Ripoti ikasema tope linafaa. Kikundi kikapanda tena eneo lote, safu zilezile, hata mashimo mengine yalikuwa yaleyale.

Kabla kaskazi haijaanza kuvuma, miche ilikuwa imekufa tena kwenye madoa yaleyale. Kazi ya akina mama wale, ya kubeba miche kichwani huku tope likiwafika magotini, ilipotea mara mbili, na mara ya pili ilipotea kwa sababu ya ripoti niliyoitia sahihi mimi.

Mama wa chaza

Katika kikundi alikuwamo mama mmoja wa makamo aliyekulia kwenye kuokota chaza na kutega kaa. Siku ya kikao cha pili alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mwapima ndoo, mwanangu. Tope lenyewe hamjalipima." Nikamwomba anionyeshe.

Tulishuka maji yakipwa. Alitangulia bila viatu, akawa anaita mahali kwa mguu wake: hapa tope zima, hapa tope bovu, hapa zima. Kwenye "bovu" alichomeka kijiti urefu wa shibiri moja na kukitoa. Kilitoka cheusi ti, chenye harufu ya yai viza. Hatua moja pembeni, karibu na tundu la kaa, alichomeka kingine. Kilitoka kahawia, na harufu yake ya tope tu.

"Na kaa je, Mama?" nikamuuliza.

"Kaa hachimbi pabovu. Ukiona pana matundu, panda. Pasipo na tundu, usisumbue mche wa watu."

Aliyaona yote hayo tangu msimu wa kwanza. Hakuulizwa, na katika vikao vya mradi waliozungumza ni wenye makaratasi.

Nini kinaendelea chini ya mguu

Hapa inabidi nitulie kidogo, maana bila hili mengine hayaeleweki.

Kwenye tope la pwani lenye mabaki mengi ya majani, oksijeni kutoka juu haishuki zaidi ya milimita chache. Bakteria wa juu huimaliza. Chini ya hapo wapo bakteria wengine wasiohitaji oksijeni: kwanza wanaotumia naitreti badala yake, kisha manganizi na chuma, kisha salfeti, chumvi yenye salfa, na mwisho kabisa wanaotoa gesi ya methani. Katika maji ya bahari, salfeti ndiyo ghala kubwa. Lita moja ina takriban gramu 2.7, ilhali oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya joto kama ya kwetu ni miligramu 6 hivi. Wanaokula salfeti hutoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Ikikutana na chuma, huwa unga mweusi, na hapo sumu yake imefungwa. Chuma kikiisha, salfaidi hubaki huru ndani ya maji ya tope, na huzuia chembe za mizizi kupumua.

Vitabu huchora mpangilio huu kama tabaka, moja juu ya nyingine, zimelala sawasawa. Mikokoni hakuna ulalo huo. Tundu la kaa hupeleka maji yenye oksijeni chini kabisa, na ukuta wake huwa na ganda la kutu la rangi ya matofali. Mizizi ya mchu inayochomoza kama vidole huvuta hewa na kuivujisha kando ya vizizi vidogo. Jani lililozikwa hufanya kinyume: hukusanya bakteria na kumaliza kila kitu pambizoni mwake. Bo Barker Jørgensen, mtafiti wa Denmark, alieleza mwaka 1977 kwamba hata ndani ya tope lenye oksijeni, vibonge vidogo vya kinyesi cha wanyama wa baharini vinaweza kuwa na kiini kisicho na oksijeni ambamo salfeti inaliwa. Yaani "juu" na "chini" vimesokotana, na umbali kati ya mahali pazima na pabovu unaweza kuwa upana wa ukucha.

Sababu ni mwendo. Ndani ya tope lisilotikisika, oksijeni husafiri kwa kusambaa yenyewe tu, na muda wake hukua kwa mraba wa umbali. Kwenye maji yaliyotulia, milimita 1 huchukua kama dakika 4. Sentimita 1 huchukua saa 6 au 7. Sentimita 10 ni karibu mwezi mzima, na kwenye tope, ambako njia imepindapinda, ni zaidi. Bakteria hawangoji mwezi. Kwa hiyo mzizi ulio sentimita 1 kutoka ukuta wa tundu la kaa na mzizi ulio sentimita 10 kutoka hapo wanaishi nchi mbili tofauti.

Tulivyopima mara ya pili

Kabla ya kugusa kemia tulitaka kuondoa sababu inayoua mikoko ya kupandwa mara nyingi zaidi: kupanda chini mno, mahali maji yanapokaa muda mrefu kuliko mche unavyostahimili. Kijana mmoja wa kikundi ni fundi mwashi. Alileta ule mpira wake wa maji wa kusawazishia msingi, tukapima urefu wa ardhi kwenye madoa na nje ya madoa. Tofauti haikuzidi vidole viwili. Kwenye bamvua ya Mombasa, siku za maji makubwa, ambapo kupwa na kujaa hupishana kwa zaidi ya mita 3, vidole viwili si kitu kwa muda wa kufunikwa na maji. Lakini vilikuwa na maana nyingine ambayo tuliiona baadaye.

Kisha tukachukua sirinji kubwa za plastiki, tukazikata ncha, tukazidunga kwenye tope huku mpini ukibaki usawa wa juu, ili kipande kitoke kizima bila kukorogeka. Kila kipande kilikatwa kwa sentimita palepale, kikatumbukizwa kwenye chupa yenye asetati ya zinki, ambayo huikamata salfaidi isiponyoke wala kuungana na hewa. Mpangilio wa umbali ndio tulioufikiria zaidi. Kila sampuli ilikuwa na jirani wa sentimita 10, jirani wa mita 1, na jirani wa mita 10.

Pesa za maabara hazikutosha eneo zima, kwa hiyo tukaongeza njia ya bei nafuu: mabomba membamba ya plastiki ya mafundi umeme, yaliyosuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi ya kutu ya chuma iliyotengenezwa maabara. Ukilichomeka bomba kwenye tope ukaliacha, bakteria wanaotumia chuma huila rangi na kuacha mabaka meupe. Salfaidi nayo huigeuza kuwa nyeusi. Bomba linatoka likiwa limechorwa ramani ya tope, kutoka juu hadi chini, milimita kwa milimita. Tulichomeka 18. Weusi huo hufifia ukikaa hewani, basi yeyote atakayejaribu apige picha bomba likiwa bado linadondoka maji.

Mara ya kwanza tuliyaacha wiki moja, nayo ikaangukia maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana. Sehemu ya juu ya eneo haikufikiwa na maji ipasavyo, tope likapata hewa, na mabomba yakatoka karibu yote yana rangi yake. Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba salfaidi haihusiki. Mama wa chaza akauliza tu mwezi uko wapi. Tukayarudisha, yakakaa bamvua mbili na maji mafu yaliyo kati yake.

Kilichoonekana

Ndani ya madoa, mabomba mengi yalitoka meusi kuanzia sentimita chache tu chini ya uso. Nje ya madoa weusi ulikuwapo pia, jambo ambalo watu huwa hawalitarajii, ila ulianza chini zaidi na ulikatikakatika. Palipopita tundu la kaa, bomba lilikuwa na mkanda wa kutu uliobaki mzima.

Sampuli za sirinji zilitupa jambo ambalo sikulitegemea. Majirani wa sentimita 10 walitofautiana kwa salfaidi karibu sawa na majirani wa mita 10. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya eneo zima inapatikana tayari ndani ya urefu wa kiganja. Mtu akiongeza sampuli kwa kutawanya vituo mbali zaidi, anaongeza gharama huku tofauti yenyewe ikibaki imejificha katikati ya vituo.

Tukachimba madoa matano kwa mikono. Katika matatu, chini ya shibiri moja, tulikuta mifuko ya plastiki imelala tabaka juu ya tabaka, na kati yake majani yaliyooza, makumbi ya nazi na mabaki ya jikoni. Mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo haikuwa takataka ya juzi. Plastiki ilikuwa imeziba maji yasipite, na kaa hatoboi hapo. Madoa mawili mengine hayakuwa na mfuko wowote. Yalikuwa na vile vidole viwili: kibonde kidogo kinachobaki na dimbwi maji yakipwa. Oksijeni husambaa ndani ya maji kwa wepesi ulio pungufu mara 10,000 hivi kuliko ndani ya hewa, kwa hiyo dimbwi jembamba namna hiyo ni kifuniko. Tope la jirani hupata saa kadhaa za kupumua kila maji yanapokupwa. Lile la kibondeni hapana.

Uamuzi wa msimu wa tatu

Vijana walitaka kuchimbua madoa yote na kutoa plastiki. Hoja yao ilikuwa na nguvu, na uchafu ule uliwauma. Mimi niliogopa, kwa sababu tope jeusi likifunuliwa hewani, madini yake ya salfaidi huungana na oksijeni na kutoa asidi, na kuchimbua kungevuruga pia mizizi iliyopona pembeni. Tukakubaliana: madoa mawili ya plastiki yatolewe mifuko kwa mkono wakati wa kupwa na kufunikwa siku hiyohiyo, la tatu liachwe kama lilivyo ili tuwe na cha kulinganisha. Vibonde viwili vikatiwa mfereji mwembamba wa jembe, maji yapate pa kutokea.

Ugumu ulikuwa kwa mfadhili, ambaye aliihesabu kazi kwa idadi ya miche iliyopandwa. Sisi tulitaka kupanda michache, na madoa tusiyapande kabisa mpaka bomba litoke bila weusi kwenye shibiri ya juu. Barua mbili hazikumshawishi. Picha ya mabomba mawili yaliyochomekwa hatua moja mbali, moja jeusi na moja la kutu, ilimshawishi siku hiyohiyo.

Matokeo

Miche iliyopandwa kwa kufuata matundu ya kaa ilivuka mwaka, mingi yake, na akina mama waliacha safu. Walipanda palipoonekana pazima, hata kama mstari ulipinda. Kibonde kimoja kilichotiwa mfereji kilianza kuwa na matundu ya kaa baada ya masika, na miche ya mchu ikaota humo yenyewe bila kupandwa na mtu. Cha pili mfereji wake ulijaa mchanga, dimbwi likarudi. Kati ya madoa mawili yaliyotolewa plastiki, moja limepata nafuu. La pili mabomba yake bado yanatoka meusi, na lile lililoachwa vilevile.

Uchambuzi

Ndoo ilitudanganya kwa njia tatu kwa mpigo, na nazitenganisha kwa sababu dawa zake ni tofauti.

Ya kwanza ni wastani. Ukichanganya tope lenye salfaidi kali na tope lisilo nayo, unapata tope la kadiri ambalo halipo popote pale uwanjani. Mche hauwezi kuweka nusu ya mzizi wake kwenye wastani. Dawa yake ni kutenga sampuli za pabovu na pazima, hata kama ni mbili tu. Pesa zetu za mwanzo zilitosha mbili! Tungepeleka moja ya doa na moja ya nje ya doa, tungejua mengi kuliko tulivyojua kwa ndoo ya mahali 10.

Ya pili ni hewa, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Kukoroga tope kunaliingizia oksijeni. Ndoo ile ilikaa juani nusu siku bila kifuniko. Hata kama maabara ingeombwa ipime salfaidi, ingepima kilichosalia baada ya sisi kuiondoa. Kwa naitrojeni jumla au chumvi, kukoroga hakuna madhara makubwa. Kwa salfaidi, chuma na kazi ya bakteria, kukoroga ni kufuta. Kabla ya kuchota, mtu ajiulize kitu anachokitafuta kitastahimili safari au la.

Ya tatu ni kipimo cha umbali. Bakteria wanafanya kazi kwa milimita, mzizi kwa sentimita, mpandaji kwa hatua, mfadhili kwa hekta. Kila mmoja wetu alipima kwa fimbo yake. Mfano ninaoupenda kuhusu hili unatoka nchi kavu: mwaka 1987 Timothy Parkin, mtafiti wa udongo wa Marekani, alifuatilia bakteria wanaogeuza naitreti kuwa gesi ndani ya kipande cha udongo cha karibu gramu 100, akakuta asilimia 85 hivi ya kazi yote inatoka kwenye kipande cha jani kinachooza kisichofika hata gramu 0.1. Ukichota pembeni ya jani hilo utasema udongo umelala. Ukilichota utasema unawaka moto. Mfuko wetu wa plastiki wenye majani ndani yake ni jani la Parkin lililokuzwa.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni majirani wa umbali tofauti. Kikundi kingine kikiniuliza kianze wapi, nitasema kianze hapo, kwa sampuli chache za sentimita 10, mita 1 na mita 10, kabla ya kupanga upimaji mkubwa. Mabomba ya kutu yanafuata. Yana mipaka yake: yanaonyesha wapi na kina gani, hayasemi kiasi gani, na yakitumiwa bila kufuata mwezi yanapotosha.

Kosa la pili nilirudia lile la kwanza kwa umbo jingine. Baada ya kujua kwamba tope linabadilika mahali kwa mahali, nilisahau kwamba linabadilika pia siku kwa siku. Wiki ya maji mafu ilikuwa ndoo ya wakati.

Na lipo swali ambalo mpangilio wetu hauwezi kulijibu. Je, pabovu ni pabovu kwa sababu kaa hawachimbi, au kaa hawachimbi kwa sababu ni pabovu? Huenda yote mawili yanalishana. Tungeweza kulijua kwa kuchoma matundu ya bandia ndani ya doa moja na kuliacha jingine, jambo ambalo hatukulifanya kwa kuwa tulikuwa tumeshabadilisha mifereji na plastiki kwa wakati mmoja. Doa lililoachwa bila kuguswa bado lipo. Bamvua ijayo vijana watalichoma kwa miti ya unene wa kidole gumba, nusu yake tu, na mama wa chaza ndiye atakayechagua nusu ipi.